Mzigo Haulipiwi Njiani, Unalipiwa Ukisubiri

Wasee, leo nataka tuongee kuhusu kontena. Ndio, lile sanduku la chuma unaloliona likipita Mombasa Road juu ya trela. Lile ambalo mtaani kwenu limekatwa dirisha likawa kinyozi ama duka la M-Pesa. Najua si stori ya kuvunja mtandao. Lakini nipe dakika kumi tu, alafu ukishamaliza uniambie kama hujaanza kuangalia lori tofauti.

Wacha nianze na venye nilifika hapa. Nilipoacha chuo (wazazi walishalia, tusirudi huko), nilifanya kibarua kwa godauni moja Industrial Area. Kazi ilikuwa rahisi kueleza: lori likiingia, tunashusha katoni, tunazipanga, tunaenda. Malipo yalikuwa kwa lori, si kwa siku.

Asubuhi moja lori likaingia saa moja kamili. Karatasi moja haikuwa imefika. Mwenye ufunguo wa stoo alikuwa ameenda benki. Alafu lori lingine, tupu, lilikuwa limeziba mlango na dereva wake hapatikani kwa simu. Tulianza kushusha saa tisa mchana. Kushusha kwenyewe kulichukua lisaa limoja na nusu.

Fanya hesabu. Masaa manane ya kukaa, lisaa na nusu ya kazi.

Jioni mwenye mali akaja analalamika kwamba usafiri umekuwa ghali juu mafuta yamepanda. Ni kweli mafuta yalikuwa yamepanda. Lakini hakuna mtu alitaja yale masaa manane. Yeye aliona hayakumgharimu kitu. Sisi tuliokaa kwa kivuli cha lori tulijua nani aliyalipa, juu siku hiyo tulishusha lori moja badala ya matatu.

Nilienda nyumbani nikiwa na swali moja: hivi kuna mtu amewahi kukaa kwa foleni kama hii akaamua kuimaliza kabisa? Nikaanza kusoma. Na nikakuta yuko.

Dereva aliyechoka kungoja

Anaitwa Malcom McLean. Alizaliwa 1913, North Carolina, Marekani. Hakuwa injinia, na hakuwa mtu wa bahari. Alikuwa mtu wa malori. Alianza na moja katika miaka ya 1930, wakati uchumi wa dunia ulikuwa umelala chini, akaongeza moja moja mpaka akawa na kampuni kubwa.

Mwenyewe alipenda kusimulia siku moja ya 1937. Alikuwa amepeleka marobota ya pamba bandarini New Jersey. Akafika, akaambiwa angoje. Akakaa kwa lori lake siku karibu nzima akiangalia watu wakitoa mizigo kwa malori, kipande kwa kipande, wakiifunga kamba, inainuliwa, inashushwa ndani ya meli, alafu wanarudia. Akawaza: si wangeinua tu lori langu lote na vitu vyake?

Hebu elewa bandari ilikuwa namna gani siku hizo. Mwaka wa 1954, meli moja iliyoitwa Warrior ilitoka Brooklyn, New York, kwenda Bremerhaven, Ujerumani, na watafiti wakahesabu kila kitu kilichokuwa ndani. Mzigo ulikuwa kama tani 5,000. Lakini hizo tani zilikuwa vipande 194,582. Magunia, mapipa, makasha, katoni, vitu vya kila umbo, na kila kimoja lazima kishikwe na mkono wa mtu. Si mara moja. Kishushwe kwa lori, kiwekwe ghalani, kitolewe ghalani, kifungwe, kiinuliwe, kipangwe tumboni mwa meli. Alafu huko Ujerumani wayafanye yote kinyumenyume.

Safari ya kuvuka bahari ilichukua siku kumi na nusu. Kupakia na kushusha pia kulichukua kama siku kumi.

Sasa shika hii. Walipojumlisha gharama zote, safari ya baharini ilikuwa asilimia 11.5 tu. Kushughulikia mzigo kwa bandari mbili kulikula asilimia 36.8. Yaani kuvuka Atlantiki nzima kulikuwa bei nafuu kuliko kutoa mzigo kwa lori na kuuweka kwa meli. Mita mia za mwisho zilishinda maelfu ya kilomita.

McLean hakuwa na utafiti huo mkononi alipokaa kwa lori lake 1937. Lakini alikuwa ameuona kwa macho.

Ondoa magurudumu

Wazo lake la kwanza halikuwa hata kontena. Mwaka wa 1953 barabara za pwani ya mashariki ya Marekani zilikuwa zimejaa, na alitaka malori yaendeshwe mpaka ndani ya meli, trela ziachwe humo, zivutwe tena upande wa pili. Kama feri ya Likoni, ila ya safari ndefu. Alafu akaona shida: magurudumu yanakula nafasi. Unasafirisha hewa iliyo chini ya trela. Kwa hivyo akatoa magurudumu. Kilichobaki ni sanduku. Na sanduku unaweza kulipanda juu ya lingine.

Sheria za Marekani wakati huo hazikutaka kampuni ya malori imiliki meli. Yule jamaa akaachana na kampuni ya malori aliyoijenga miaka ishirini, akanunua kampuni ya meli. Hapo ndipo wengi wetu tungerudi nyuma.

Tarehe 26 Aprili 1956, meli ya mafuta ya zamani ya vita, jina Ideal-X, iliondoka Newark, New Jersey, kwenda Houston, Texas, ikiwa na masanduku 58 juu ya sitaha. Krani iliweka sanduku moja kila dakika saba. Meli ikajaa kwa chini ya masaa manane. Masaa manane! Muda ule ule ambao sisi tuliutumia kukaa tukiangalia mlango wa godauni.

Bei je? Mwaka huo, kupakia tani moja ya mzigo wa kawaida kwa meli ya ukubwa wa kati ilikuwa dola 5.83. Kwa Ideal-X ilitoka senti 15.8. Hiyo ni karibu mara 37 chini.

Lakini usidhani ni chuma ndicho kilifanya hiyo kazi. Masanduku yalikuwepo kabla ya McLean. Reli za Ulaya na Marekani zilishayajaribu. Kilichobadilika ni kwamba yeye alipanga kila kitu kizunguke sanduku: krani, meli, trela, uwanja, karatasi. Injinia wake, Keith Tantlinger, alitengeneza vishikio vya pembeni na kufuli ya kuzungusha inayoshika kontena na kontena. Ukiangalia trela leo barabarani, pale kwa pembe utaona vile vishimo. Ni kazi yake.

Shida ilikuwa kwamba kila kampuni ilikuwa na saizi yake. Kontena za McLean zilikuwa futi 35. Washindani wake wa Pasifiki walikuwa na futi 24. Krani ya huyu haishiki sanduku la yule. Katika miaka ya 1960, baada ya mabishano marefu kweli kweli, dunia ikakubaliana kuhusu vipimo, na futi 20 na futi 40 ndizo zikatawala. Kampuni ya McLean ikaachilia hataza ya vile vishikio vya pembeni ili kila mtu avitumie. Bila makubaliano hayo, kontena ingebaki sanduku la mtu mmoja. Faida kubwa ilikuja pale washindani walipokubali kufanana.

Na wale wa mikono?

Hapa ndipo stori nyingi za biashara huishia. Gharama zikashuka, dunia ikafurahia, makofi. Lakini mimi nimetoka kwa ukoo wa mabega, kwa hivyo siwezi kuruka hii.

Babu yangu mzaa mama alikuwa kuli Kilindini. Alianza mwanzoni mwa miaka ya 60. Ukimwangalia leo, bega lake la kulia liko chini kuliko la kushoto. Gunia la kahawa ni kilo 60, na kontena moja ya futi 20 hubeba kama magunia 300. Yeye na wenzake waliyabeba yale magunia moja moja.

Kabla yao, mzigo wa kwenda bara ulienda kichwani. Mpagazi mmoja alibeba kama kilo 30, kwa hivyo tani moja ilitaka zaidi ya watu 30, na wote lazima wale njiani. Reli ikajengwa kuanzia 1896, ikafika Kisumu 1901. Umbali ukawa si shida tena. Lakini pale bandarini, kati ya meli na behewa, bado ilikuwa ni bega.

Na bega hilo lilikuwa na nguvu, msidanganyike. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, bandari na reli na mahoteli, mji ukasimama karibu wiki mbili. Hapo ndipo jina la Chege Kibachia na Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika likajulikana nchi nzima, na mwaka huo huo serikali ya kikoloni ikamkamata. Mwaka wa 1955 makuli wakagoma tena, na kijana anayeitwa Tom Mboya, hajafika miaka 25, akasaidia kupata makubaliano yaliyowaongezea mshahara. Mzigo ukipita kwa mikono yako, una sauti. Ukiweka mikono chini, nchi inasikia.

Kontena iliondoa ile mikono. Kwa hivyo swali ni: ile pesa iliyookolewa ilienda wapi?

Kuna mahali waliuliza mapema. Pwani ya Pasifiki ya Marekani, chama cha makuli kilichoongozwa na Harry Bridges kiliona mashine zinakuja. Badala ya kuzipinga mpaka mwisho, 1960 kikasaini mkataba: ninyi waajiri leteni mashine zenu, lakini sehemu ya mnachookoa iingie kwa mfuko wetu. Waajiri wakakubali kutoa dola milioni 29 kwa miaka mitano na nusu. Wazee wakastaafu na kiinua mgongo, waliobaki wakahakikishiwa kipato. Haikuwa kamilifu. Wale ambao hawakuwa wanachama kamili, vibarua wa aina yangu, hawakufaidi hivyo. Lakini angalau mazungumzo yalifanyika kabla ya krani kufika.

London haikuwa hivyo. Bandari za zamani za mashariki ya jiji zilifungwa moja baada ya nyingine kati ya 1967 na 1981, juu meli za kontena zilitaka maji ya kina na uwanja mpana, na hizo zilipatikana Tilbury na Felixstowe. Yale maghorofa ya mabenki ya Canary Wharf unayoyaona kwa filamu yamesimama pale makuli walikuwa wanashusha ndizi na sukari. Timu ya Millwall zamani ilikuwa na jina la utani la makuli wa bandari. Bandari FC ya kwetu bado inaitwa hivyo hivyo.

Mombasa, kontena ziliongezeka kidogo kidogo, na 1984 kituo cha kontena cha bara kikafunguliwa Embakasi, Nairobi. Babu anasema hakukuwa na siku moja ya kusema "leo ndiyo mwisho". Ni siku za kuitwa kazini tu ndizo zilipungua. Wiki hii mara nne. Wiki ijayo mara mbili. Mwishowe akaacha kwenda, akaanza kuuza madafu.

Nilimpigia simu wakati naandika hii.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wataka pesa?"

"La, babu. Nataka kukuuliza. Wewe huichukii kontena?"

Akacheka. "Kontena yakosa nini? Chuma hakina kosa, mwanangu. Kazi ile ilikuwa yaua watu, wewe wadhani nilitaka nawe uifanye? Lakini tungeliambiwa mapema tungelijipanga. Twaliona krani siku ishafika."

Alafu akaniuliza kama nimekula. Mazungumzo yakaishia hapo.

Hata mwenyewe alisahau

Kuna sehemu ya mwisho ya stori ya McLean ambayo watu wa motisha hawaipendi.

Mwaka wa 1978 alinunua kampuni nyingine ya meli, United States Lines. Mafuta yalikuwa ghali, kwa hivyo akaagiza meli 12 kubwa kuliko zote za kontena za wakati huo. Zilikuwa za mwendo wa pole ili zisinywe mafuta, na zilizunguka dunia upande mmoja. Kwa karatasi, gharama ya kila kontena ilikuwa chini sana. Zilipoanza kazi, bei ya mafuta ikaporomoka. Washindani waliokuwa na meli za kasi wakawafikishia wateja mizigo mapema. Zake zikawa zinatambaa. Novemba 1986 kampuni ikafilisika ikiwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni moja.

Mtu aliyetajirika kwa kumaliza kusubiri aliangushwa na meli zilizowasubirisha wateja. Alifikiri ufanisi ni ukubwa wa chombo. Alipofariki Mei 2001, meli za kontena sehemu mbalimbali za dunia zilipiga honi asubuhi ya mazishi yake. Heshima alistahili. Lakini somo la 1986 pia ni lake.

Na sisi tulijifunza? Reli ya SGR ilianza kubeba mizigo Januari 2018. Mwaka wa 2019 ikaamriwa kontena zipande treni mpaka Nairobi, na wenye malori na wakazi wa Mombasa wakaingia barabarani kuandamana. Septemba 2022 rais mpya, siku ile ya kuapishwa, akatangaza kurudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa. Wengi waliichukulia kama vita vya kisiasa, na siasa ilikuwepo kweli. Lakini ukiiangalia kwa macho ya McLean, kuna swali dogo ndani yake: treni ikifika Embakasi, bado lazima lori lije, kontena iinuliwe tena, ipelekwe mlangoni kwa mwenye mali. Je, mwendo wa treni umeokoa zaidi ya kile mguso huo mmoja umeongeza? Jibu linategemea mzigo na mahali unakoenda. Amri moja kwa kila mtu haiwezi kulijua.

Sasa wewe

Labda huna meli. Labda una mtumba wa viatu kitandani na unauza kwa simu. Hesabu ni ile ile.

Chukua bidhaa yako moja, uhesabu imeguswa mara ngapi kutoka ulipoinunua mpaka kwa mteja. Unatoa Kamukunji, unaleta nyumbani, unaitoa kwa mfuko, unaipiga picha, unairudisha, mteja akilipa unaitafuta chini ya zingine kumi, unaifunga, unaipeleka stejini. Kila mguso ni dakika, na dakika ni pesa hata kama hakuna anayekutumia risiti. Ipige picha siku ya kwanza, ifunge siku hiyo hiyo, iandike namba nje. Umetoa migusoo miwili mitatu bila kununua kitu.

Alafu hesabu kusubiri. Si umbali. Sisi Wakenya tukisikia usafiri ghali tunakimbilia mafuta na barabara. Sawa, ni kweli zinauma. Lakini lile lori letu lilikuwa limesimama masaa manane, injini imezimwa, halijachoma hata tone. Kontena ikikaa bandarini zaidi ya siku za bure, mwenye meli anatoza kwa kila siku, na hiyo pesa inaishia kwa bei ya sufuria unayonunua wewe.

Na ukishapata pa kuokoa, uliza ile ya tatu, ambayo babu angeuliza. Nani alikuwa analipa huku kusubiri, na sasa kumeisha, nani anapata? Pale kwa godauni, kama mwenye mali angepanga malori yaje kwa zamu na karatasi zitangulie kwa simu jioni ya kabla, tungeshusha matatu kwa siku. Yeye angeokoa, sisi tungeongeza. Hakuna mashine. Ni simu na mtu wa kupanga. Lakini akileta foklifti kesho, aje atuambie leo.

Niliacha ile kazi baada ya miezi mitano. Wiki iliyopita nilipita pale kwa matatu. Kulikuwa na lori nje, na vijana wanne wamekaa kwa kivuli chake. Ilikuwa saa sita.